Safari fupi ya meli na watoto: chumba kipi ulipie

Matangazo ya meli za kitalii hukuonyesha bwawa, mabomba ya kuteleza na chakula kisichokwisha. Hivyo vyote ni vya abiria wote, aliyelipa kidogo na aliyelipa kingi. Tofauti kubwa ya bei iko chumbani, na chumba ndicho kitakachoamua kama watoto watalala. Kwa safari ya siku tatu hadi tano, familia ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, mimi vyumba navipanga hivi, kuanzia kinachofaa zaidi.

1. Chumba cha dirisha, sitaha ya chini, katikati ya meli. Dirisha halifunguki, lakini mtoto anajua kumekucha, na aliyelewa bahari anapata upeo wa kukazia macho. Meli hutikisika zaidi omoni (mbele) na tezini (nyuma), na kadiri unavyopanda juu. Katikati chini ndiko kwenye utulivu, na bahati nzuri vyumba vya huko havina bei ya juu sana.

Usilipe kabla hujafungua ramani ya sitaha. Tazama kilicho juu ya chumba chako na kilicho chini yake. Vikiwa vyumba vingine, uko salama. Ikiwa juu ni bwawa, alfajiri utaamshwa na viti vinavyoburutwa; ikiwa chini ni ukumbi wa muziki, hutalala mpaka wenzako wachoke kucheza. Angalia pia kama dirisha halijazibwa na mashua ya uokoaji. Hilo huandikwa, ila kwa herufi ndogo.

Halafu uliza vitanda. Katika vyumba vingi kitanda cha tatu na cha nne hushushwa kutoka ukutani au darini na kupandwa kwa ngazi. Mtoto wa miaka minane atakigombania. Wa miaka mitatu hafai kulala huko. Vyumba vya watu wanne ni vichache na huisha mapema. Hata kitanda kikiwepo, unaweza kukataliwa, kwa sababu kila eneo la meli lina idadi ya watu inayolingana na nafasi za mashua za uokoaji.

2. Vyumba viwili vya ndani, visivyo na dirisha, vyenye mlango wa kati. Kwa familia ya watu wanne au watano, piga hesabu hii kabla ya kukimbilia roshani. Unapata bafu mbili, na watoto wanalala nyinyi mkiwa bado mnaongea. Mara nyingine jumla yake inakaribiana na chumba kimoja cha roshani. Kasoro ni giza: ukizima taa huoni hata kiganja chako, saa saba mchana ni sawa na saa saba usiku.

3. Chumba cha roshani. Najua wengi wangekiweka juu. Lakini katika safari fupi saa nyingi za mchana mko bandarini au bwawani, na roshani inabaki na taulo tu. Sofa ya mtoto ikikunjuliwa usiku, mara nyingi ndiyo inayoziba njia ya kwenda nje. Ninachokikubali: mkiwa na mtoto mchanga anayelala mchana, roshani inawapa pa kukaa bila kumwamsha. Kama ni mtundu wa kupanda viti, sahau.

4. Sebule na chumba pamoja, daraja la juu. Fedha ikiwepo, raha. Kwa safari ya kujaribu, subirini.

5. Chumba cha kupangiwa na kampuni. Ni bei nafuu, lakini huchagui mahali. Kwa wapenzi wawili sawa. Kwa wenye watoto ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Bei unayoiona kwanza si utakayolipa. Ongeza kodi na ada za bandari, bahashishi ambayo meli nyingi hutoza kwa kila mtu kwa kila usiku, watoto nao wamo, kisha vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu. Abiria wa tatu na wa nne chumbani kwa kawaida hulipa pungufu ya wawili wa kwanza. Kwa hiyo mzazi mmoja na mtoto mmoja mara nyingi hulipishwa kama watu wazima wawili.

Umri nao una masharti. Kampuni nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi 6, wala mjamzito aliyefikisha wiki 24. Klabu za watoto kwa kawaida huanza miaka 3, na awe ameacha nepi. Mwenye nepi huzuiwa pia kuingia mabwawa mengi ya pamoja.

Kuhusu viza, wengi hunaswa hapa. Meli ikianzia Barcelona, ikapita Tunisia, kisha ikaenda Italia, umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe barua ya idhini ya mwenzake.

Fika mji wa bandari siku moja kabla, maana ndege ikichelewa meli haitakungoja. Vivyo hivyo kwenye vituo: matembezi yaliyouzwa na meli yakichelewa, itasubiri, teksi yako ikichelewa, utaikuta imeng'oa nanga.

Masanduku mnayokabidhi gatini yanaweza kufika chumbani jioni. Dawa, pasipoti, nepi na nguo za kuogelea viwe kwenye begi la mkononi. Simu iwekwe hali ya ndege kabla meli haijaondoka, kwa sababu mtandao wa simu wa baharini hupitia satelaiti na hutoza bila kukuuliza.