The Exorcist au The Exorcism of Emily Rose: uanze na ipi?

Hapa Kigoma, kibanda umiza kikiweka filamu ya kupunga mapepo, watu hujaa hadi mlangoni. Mimi naanza na The Exorcist ya 1973. Inatisha kweli, lakini kinachonishika ni Padre Karras: Mjesuiti, tena daktari wa akili, imani inamponyoka, na mama yake anafariki akiwa peke yake. Anakaa na kinasa sauti, anaisikiliza tena na tena sauti ya binti anayesemekana amepagawa, akitafuta ugonjwa kabla ya kumtaja shetani. Shaka yake ni ya mtu anayetamani kuamini. Sisi tuliokulia kanisani tunaijua.

Ile ya 2005 ni kesi mahakamani: padre anashtakiwa kwa kifo cha binti, na wakili wake mwenyewe hana uhakika kama Mungu yupo. Hofu ni chache, ingawa ile saa tisa usiku, mapepo yanapomjia binti, haisahauliki. Chanzo chake ni Anneliese Michel wa Ujerumani, aliyekuwa na kifafa, akafa 1976 kwa kukosa chakula na maji. Wazazi wake na mapadre wawili walitiwa hatiani 1978. Hii inaniuma zaidi. Nyumba yenye mgonjwa wa kifafa anayeombewa tu bila dawa, iangalie hii kwanza, wote pamoja, kisha asubuhi mgonjwa apelekwe hospitali ya Maweni.