Kijitabu cha Alfredo Pizzoni: lipia sura ya nne

Pizzoni alikuwa mtu wa benki wa Italia aliyeongoza kamati ya wapinzani wa Wafashisti, chama cha dikteta Mussolini, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kijitabu kinachomhusu kinauzwa shilingi 300 katika duka moja la vitabu kwenye Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu. Ni kurasa 64 za A5, Kiswahili kitupu. Jalada linasema kimeandikiwa wanafunzi wa historia, lakini atakayefaidi zaidi ni mweka hazina wa chama au Sacco.

Sura tatu za mwanzo zingetosha kurasa tano. Zinamtoa Pizzoni Cremona, alikozaliwa 1894, zikamfikisha kwenye kazi yake katika benki ya Credito Italiano, na njia nzima ni sifa tu: jasiri, mwadilifu, mpenda nchi. Jambo ambalo lingeonyesha ugumu wa hali yake halimo. Tangu 1933 benki hiyo ilikuwa chini ya IRI, shirika la serikali lililoanzishwa enzi za Mussolini. Yaani huyu mpinzani wa Wafashisti alikuwa mtu wa benki iliyoshikwa na dola ileile aliyotaka ianguke.

Sura ya nne ndiyo kijitabu chenyewe. Hapa mwandishi ametulia, akaeleza jinsi Kamati ya Ukombozi wa Taifa ya Italia ya Kaskazini, CLNAI, ilivyokuwa na vyama vitano vilivyotiliana shaka: Wakomunisti, Wasoshalisti, Partito d'Azione (Chama cha Vitendo), Wademokrasia Wakristo na Waliberali. Mwenyekiti akawa Pizzoni, asiye na chama, aliyejificha kwa jina la Pietro Longhi. Mwishoni mwa 1944 alikwenda kusini pamoja na Ferruccio Parri, Giancarlo Pajetta na Edgardo Sogno, na tarehe 7 Desemba huko Roma wakatia sahihi mkataba na Jenerali Henry Maitland Wilson, kamanda mkuu wa Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) katika Mediterania. Wapiganaji wa kaskazini, waliopambana na Wajerumani na Wafashisti, wangepata lira milioni 160 kila mwezi. Jedwali la mgao kwa mikoa limepangwa vizuri: Piemonte milioni 60, Veneto 35, Lombardia 25, Liguria 20, Emilia 20. Hesabu inafunga.

Masharti, kwa bahati mbaya, yamesukumwa hadi aya ya mwisho. Kamati ilikubali kufuata amri za kamanda wa Washirika na, vita vikiisha, kukabidhi silaha na madaraka. Hayo yalistahili kutangulia jedwali, maana ndiyo bei ya zile milioni 160.

Njia za fedha zimeelezwa bila chumvi. Baadhi zilipitia Uswisi. Nyingine zilitafutwa hukohuko kaskazini, kwa mabenki na wenye viwanda, kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Mkopeshaji wa namna hiyo humtazama anayeahidi kabla ya kutazama karatasi, na ndipo jina la mtu wa benki lilipofaa kuliko bunduki.

Kosa kubwa liko ukurasa wa 41. Mwandishi amegawanya milioni 160 kwa 1,936.27 akapata kama yuro 82,600 kwa mwezi, kisha anashangaa jeshi zima liliishije. Kiwango hicho ni cha lira iliyokuwa inaagwa ili yuro iingie. Hakihusiani na 1944. Kiwango rasmi cha Washirika wakati wa vita kilikuwa lira 400 kwa pauni moja. Gawanya upya: pauni 400,000, ambazo kwa shilingi ya Afrika Mashariki ya siku zile, 20 kwa pauni, ni milioni 8 kila mwezi. Futa hesabu yake kwa kalamu, uandike hii pembeni.

Sura ya mwisho inadai Pizzoni "alijiuzulu kwa hiari". Aliondolewa. Tarehe 27 Aprili 1945, siku mbili tu baada ya Milano kuinuka, kiti kilipewa Msoshalisti Rodolfo Morandi. Kule kutokuwa na chama kulikompandisha kulimwacha bila wa kumtetea. Akarudi kwenye benki, akawa mwenyekiti wa Credito Italiano, akafariki 1958.

Picha ya kanisa dogo la Mai Mahiu, lililojengwa na wafungwa wa vita Waitalia mwaka 1942, imewekwa bila maelezo yoyote. Msafiri wa Kisumu anayelipita akienda Nairobi angependa kuambiwa kuwa wafungwa hao waliletwa na vita vilevile vya Mussolini.

Uchapaji ni dhaifu. Maitland Wilson amegeuzwa majenerali wawili kwa sababu ya mkato uliowekwa katikati ya jina. Pini mbili zimepigwa nje ya kunjo, kwa hiyo karatasi ya katikati, kurasa za 31 hadi 34, huchomoka mapema, na jedwali la mgao liko ukurasa wa 33. Toa pini, toboa matundu matatu kwenye kunjo lenyewe kwa sindano nene, shona kwa uzi wa viatu. Kabla ya kulipa, hesabu kurasa hizo nne dukani. Kuna nakala zilizokwisha kuzipoteza zikiwa bado rafuni.