Saa ya Japy Frères yenye nakshi ya ng'amba na shaba: uzoefu wangu

Kabla hujasifu nakshi, yaani vipande vyembamba vya shaba na gamba la kasa aitwaye ng'amba vilivyobandikwa juu ya mbao, fungua mlango wa nyuma, ondoa kengele, usome bamba la mtambo. Kwenye saa yangu ya mezani kuna muhuri wa duara wa kiwanda cha Japy Frères unaotaja medali ya 1855, na chini yake namba 4 na 3. Muhuri unathibitisha kwamba mtambo si wa kabla ya 1855. Namba hizo ni urefu wa pendulamu kwa vipimo vya zamani vya Ufaransa, inchi 4 na mistari 3 (mstari ni sehemu moja ya 12 ya inchi), sawa na takriban mm 115. Pima pendulamu kabla ya kulipa, maana saa nyingi zimepachikwa ya saa nyingine na hazitakaa sawa kamwe. Jina lililoandikwa usoni lisikubabaishe. Mara nyingi ni la muuzaji.

Frédéric Japy alianzisha kiwanda Beaucourt, mashariki mwa Ufaransa, mwaka 1777, na mwaka 1799 akapata hataza ya mashine za kukatia sehemu za saa. Warithi wake waliuza mitambo kwa wingi, na mafundi wa Paris wakaimalizia na kuiweka kwenye masanduku ya kila aina. Faida yake unaiona hadi leo: mtambo umeundwa kwa namna inayojulikana, na fundi wa saa za kale hupata springi ya kuning'inizia pendulamu bila kuhangaika.

Mtambo umeshikwa na mabamba mawili membamba yanayotoka fremu ya kioo hadi nyuma. Skrubu zake zikilegea, kila ukitia ufunguo mtambo wote unageuka kidogo, mlio wa tik-tak unachechemea, saa inasimama baada ya dakika chache. Watu hudhani springi kuu inayoendesha saa imekufa. Geuza mtambo taratibu hadi nafasi kati ya tik na tak zilingane, kisha kaza.

Natia ufunguo mara moja kwa wiki, kwenye matundu yote mawili, la mwendo na la kengele, ingawa huenda siku zaidi ya 8. Kuongeza kasi, tumia ncha ndogo ya ufunguo kwenye tundu lililo juu ya 12: kuelekea herufi A pendulamu inafupika na saa inawahi, kuelekea herufi R inachelewa. Robo mzunguko, kisha subiri siku nzima. Ukihamisha saa, toa pendulamu kwanza. Springi inayoining'iniza ni nyembamba kama karatasi, na ikipinda saa haiendi vizuri tena.

Mlio wa kengele hudhibitiwa na gurudumu la kuhesabia lenye mapengo, linalogonga mara 90 kwa kila saa 12, nusu saa zikiwemo. Gurudumu hili halijui mishale iko wapi. Ukiharakisha mishale bila kusubiri kila saa na nusu saa zigonge, hesabu itapotea. Dawa ni kuinua kwa kidole kile kikono cha nyuma kinachoingia kwenye mapengo, uache igonge, urudie hadi ilingane na uso.

Nakshi ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Mbao hujaa na kukauka kadiri unyevu unavyobadilika, shaba haifanyi hivyo, kwa hiyo vipande vyembamba huinuka pembeni. Futa kwa brashi laini. Kitambaa kitanasa ncha iliyoinuka na kuivunja. Dawa ya kung'arishia shaba iepuke kabisa, inaacha ukungu mweupe kwenye mistari iliyochongwa na kuumiza gamba. Gundi inayokauka haraka ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa haitoki. Fundi mzuri huondoa gundi kuukuu chini ya kipande, huweka gundi ya ngozi ya moto, hutandika karatasi ya nta, na kubana usiku kucha. Wekundu unaoonekana kwenye gamba ni rangi iliyopakwa chini yake, usiukwangue ukidhani ni uchafu.

Ng'amba yumo kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Hata kama saa ni ya kale, kuivusha mpaka bila kibali ni hatari ya kunyang'anywa, basi muuzaji akuonyeshe hati kabla hujatuma fedha.