Lebo yasema wati 200, betri yasema 88: nilivyopima paneli mbili za sola za karavani

Siku ya kwanza niliikasirikia paneli bure. Saa sita na nusu mchana, angani hakuna wingu hata la dawa, nimeikunjua mbele ya karavani, nimeisimamisha kwa miguu yake, nimechomeka waya, halafu mita inaniambia wati 22. Paneli ya wati 120! Nikachomoa nikachomeka, nikaipangusa vumbi, nikaanza hata kutunga kichwani malalamiko ya kumpelekea muuzaji. Nusu saa baadaye ndipo nilipokumbuka kutazama betri: imejaa pomoni. Nilikuwa nimetoka safari, na gari lilikuwa limeichaji njia nzima. Betri iliyoshiba haivuti umeme, na paneli haitoi kisichovutwa. Zile wati 22 zilikuwa za feni na chaja ya simu, basi.

Kanuni ya kwanza ya vipimo vyote vilivyofuata ikawa hiyo: betri ianze na njaa. Kila usiku wa kuamkia kipimo niliacha friji na feni zifanye kazi mpaka betri ibaki nusu. Nayasema haya mapema kwa sababu nimeona watu wakiipa paneli nyota moja, na ukisoma walichoandika unagundua kosa lilikuwa betri iliyojaa.

Mtu ataniuliza paneli ya kubeba ni ya nini wakati karavani ina paa. Ni kwa ajili ya kivuli. Paneli ya paani inataka karavani ikae juani, nami nataka ikae chini ya mti. Hii ya kukunja naiacha ikikaangwa mita kumi mbele huku mimi nimejilalia kwenye ubaridi. Nilinunua mbili, kwa miezi tofauti, zote za mikunjo minne. Moja imeandikwa wati 120. Ya pili, ambayo tangazo lake lilinifuata kila nilipofungua simu (chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ningekumbuka), imeandikwa wati 200, na ukiziinua mbili hizo hiyo ya 200 ndiyo nyepesi. Hapo ningeshtuka. Sikushtuka.

Lakini tuitendee haki lebo kwanza. Wati zinazoandikwa pale hupimwa maabara: mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba ukiipiga paneli uso kwa uso, na seli (vile vipande vyeusi vinavyogeuza mwanga kuwa umeme) zikiwa na joto la nyuzi 25. Seli, si hewa. Kitu cheusi kilichoanikwa juani mchana hakikai nyuzi 25, labda juu mlimani kwenye baridi na upepo. Kwa hiyo anayetarajia kuona 120 kwenye mita anadai kitu ambacho hata lebo haikumwahidi. Mimi nilijiwekea mpaka wangu: paneli ikiniingizia kwenye betri robo tatu ya kilichoandikwa, sina ugomvi nayo.

Nilitumia mita ya wati inayounganishwa katikati ya waya, klampu mita ya DC (inabana waya na kusoma ampea) ya kuihakiki hiyo ya kwanza, kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, na kalamu. Msicheke, kalamu ndiyo iliyonifaa kuliko vyote. Unaisimamisha wima juu ya paneli, kisha unaiinua na kuizungusha paneli polepole mpaka kivuli cha kalamu kitoweke kabisa chini yake. Hapo paneli na jua wanatazamana. Kabla ya kalamu nilikuwa nakadiria kwa macho na kujiona fundi, kumbe asubuhi nilikuwa nakosea vibaya.

Ile ya 120, saa sita mchana, ikiwa na chaji kontrola yangu (kifaa kinachosimamia umeme kati ya paneli na betri) ya aina ya MPPT, nitaieleza chini, ilitoa wati 97. Ikatulia hapo, ikipanda na kushuka wati mbili tatu. Nikaelekeza kipimajoto mgongoni mwa seli: nyuzi 57. Seli za silikoni hupoteza kama asilimia 0.35 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, kwa hiyo nyuzi 32 za ziada zilishakula kama asilimia 12, na wati 120 zimebaki 106 hivi. Toa na kidogo cha nyaya, cha kontrola, na cha jua ambalo halikuwa la maabara, unafika 97 bila kumsingizia mtu.

Sikutaka kuliamini joto kwenye karatasi tu. Nikalowesha kitambaa, nikaingia nyuma ya paneli, nikaupangusa mgongo wake wote huku nikichungulia mita. 97. 98. 100. Ikagusa 103, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Baada ya dakika nne maji yakakauka na namba ikarudi ilikotoka. Haina faida yoyote kwa matumizi ya kila siku, na usiende kumwaga ndoo ya maji baridi kwenye uso unaochemka, lakini tangu siku hiyo siilazi paneli juu ya changarawe ya moto wala kuiegemeza ukutani bila nafasi ya hewa nyuma.

Sasa niseme kuhusu ile kontrola iliyokuja na paneli, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza wati na kuilaumu paneli. Ni kijisanduku cha aina ya PWM, ile rahisi, kilichogundishwa mgongoni. Paneli ya aina hii hufanya kazi vizuri kwenye volti 18 hivi. PWM haijui kubadilisha volti, inaiunganisha paneli na betri moja kwa moja, kwa hiyo paneli inaburutwa chini hadi volti za betri. Ampea hazibadiliki sana ila volti zimeanguka. Nilipoitumia, klampu ilisoma ampea 6.3 na betri ilikuwa volti 13.2. Zidisha: wati 83. Paneli ileile, jua lilelile, wati 14 zimeyeyuka. MPPT yenyewe huiacha paneli kwenye volti inazozipenda, kisha huzigeuza zile volti za ziada kuwa ampea za betri.

Na bado. Waya wa kuungia niliutengeneza mwenyewe, mita kumi, mwembamba wa milimita za mraba 1.5. Kwenda na kurudi umeme unasafiri mita 20, na kwa ampea 6.3 waya huo unakula karibu volti moja na nusu. Kontrola imekaa kule kwenye paneli, kwa hiyo inaona volti 14.7 wakati betri ina 13.2. Inaamini betri imekaribia kujaa, inaanza kubana chaji, na betri huku bado ina njaa. Nilihangaika na hili siku mbili nzima! Dawa yake ni kuling'oa lile sanduku, kuleta volti za paneli hadi ndani ya karavani kwa waya mnene (nilihamia milimita za mraba 4), na kuiweka kontrola hatua moja tu kutoka kwenye betri. Usiruke kontrola ukaunganisha paneli na betri moja kwa moja, hata kwa majaribio.

Kivuli nilikijaribu kwa mkono wangu. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, kama watoto wanaovuka barabara wameshikana mikono: mmoja akigoma, msururu mzima unasimama. Kiganja na kisigino cha mkono juu ya seli mbili za pembeni, wati 96 zikawa 41. Kivuli cha kamba ya turubai, chembamba kuliko kidole, kilichukua wati saba. Kuilaza chini nako kuna gharama yake: saa tatu asubuhi ikiwa imelala ilinipa 48, nilipoiinua na kuielekeza jua kwa kalamu ikanipa 79.

Nikaileta ya 200.

Niliiweka ubavuni mwa mwenzake, mchana uleule, kalamu ileile, kontrola yangu ya MPPT, waya ule mnene. Wati 81. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha mita, nikasubiri siku nyingine yenye anga safi zaidi. Kilele nilichowahi kukiona ni 88, baada ya wingu kupita na kuacha upepo. Kwa kuogopa kumwonea muuzaji nikapima mkondo wa shoti, yaani unaunganisha nyaya mbili za paneli kupitia mita ya ampea bila betri (paneli haidhuriki, ila hakikisha mita yako inabeba ampea hizo). Lebo ilidai zaidi ya ampea 11. Nikapata 6. Hiki ndicho kipimo kilichonimaliza ubishi, kwa sababu joto hushusha volti, ampea za shoti halizigusi kwa maana. Ampea zikiwa nusu, hakuna kisingizio cha jua kali.

Halafu nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza: nikachukua futi kamba. Nikapima seli peke yake, bila kitambaa, maana hii ya 200 ina pindo pana za kitambaa zinazoifanya ionekane kubwa. Ya 120 ina mita za mraba 0.54 za seli. Ya 200 ina 0.53. Nikazilaza moja juu ya nyingine kwenye nyasi nikabaki nazitazama. Seli za eneo lilelile, moja imeandikwa 120, nyingine 200!

Hesabu haihitaji hata kuchomeka waya. Mita za mraba 0.53 kwenye jua la maabara hupokea wati 530. Ukidai kutoa 200 humo, umedai ufanisi wa karibu asilimia 38. Wanafizikia William Shockley na Hans Queisser walishakokotoa mwaka 1961 kwamba seli ya tabaka moja haiwezi kuvuka theluthi hivi, na seli nyingi za silikoni zinazouzwa leo ziko kati ya asilimia 20 na 25. Kwa hiyo ukiwa unaperuzi tangazo, tafuta vipimo vya seli, zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha zidisha kwa 250 (asilimia 25 ya zile wati 1000). Namba unayoipata ndiyo dari. Tangazo lililotoboa dari hiyo liache lipite.

Matumizi ya siku nzima sitayarefusha. Ile ya 120, siku safi, nikiihamisha mara tatu kufuata jua, iliingiza wati-saa 480. Nikiiacha palepale tangu asubuhi, 390. Siku ya mawingu mazito, 95, na siku hiyo nilizima friji. Friji yangu ya kompresa inakula kama 400 kwa siku, kwa hiyo paneli moja ya aina hii inaihudumia ikiwa jua linashirikiana na mimi siendi matembezini. Ukitaka kulala bila mawazo, chukua mbili.

Kasoro za hiyo niliyoipenda zipo. Miguu ni ya kitambaa na vijiti, upepo wa wastani uliiangusha mara mbili kifudifudi mpaka nikaanza kuifunga kwa vigingi vya hema. Kisanduku cha matundu ya USB mgongoni hakijazibwa, mvua ikinyesha kimbia nayo. Mishono imara. Zipu ya mfukoni ilikatika mwezi wa pili.

Nyota nne kwa ya 120, na ya tano ningeipa kama wangeiuza bila ile kontrola. Ya 200 naipa moja kwa sababu chini ya hapo hakuna. Si paneli mbovu, tuseme ukweli. Ingekuwa imeandikwa 100 nisingekuwa na neno nayo.

Muuzaji nilimtumia picha za mita, za futi kamba, na hesabu ya eneo. Akajibu kwamba 200 ni nguvu ya kilele katika mazingira bora. Nikamwuliza ni mazingira gani hayo yanayoipita maabara. Akaahidi kunirudishia nusu ya pesa nikae nayo, nikakataa, nataka zote na paneli aichukue. Leo ni wiki ya tatu. Ujumbe wake wa mwisho unaniomba nithibitishe kwamba wakati wa kupima niliikunjua paneli yote.