Kutoka mashine ya chumvi hadi klorini ya dukani: tathmini ya vidonge, chenga na klorini ya maji kwa bwawa la nyumbani

Mwenye bwawa la kuogelea nyumbani ambaye seli ya mashine yake ya chumvi, yaani sehemu inayotengeneza klorini, imechakaa hukabiliwa na uamuzi wa fedha kabla ya uamuzi wa kemia. Seli hizo kwa kawaida hudumu kati ya miaka 3 na 7, na bei ya seli mpya ni kubwa kiasi cha kumfanya mtu aahirishe ununuzi mwezi baada ya mwezi huku maji yakianza kugeuka kijani. Bwawa letu la Mbezi Beach, Dar es Salaam, lenye takribani lita 45,000 za maji na lisilo na kivuli chochote, lilifika hapo, nasi tukaamua kuiweka mashine kando na kutumia klorini inayouzwa madukani. Ninazitathmini hapa aina tatu tulizozitumia, yaani vidonge, chenga na klorini ya maji, kwa kuangalia ni ipi inayolifanya bwawa liwe salama kwa gharama ndogo bila kuacha ndani ya maji tatizo litakaloligharimu baadaye.

Fedha ya kwanza ya kuokolewa ni ya maji yenyewe. Mafundi wengine humshauri mwenye bwawa amwage maji yote ya chumvi kabla ya kuanza klorini, ushauri ambao hauna msingi, kwa sababu kazi ya mashine ya chumvi ni kutengeneza klorini kutokana na chumvi iliyoyeyuka; bwawa la chumvi limekuwa bwawa la klorini tangu siku ya kwanza. Chumvi iliyobaki, ambayo kwa kawaida ni miligramu 3,000 hadi 4,000 kwa lita, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya chumvi ya bahari, haizuii klorini kufanya kazi, na itakuwapo siku utakapopata uwezo wa kununua seli mpya. Kwa anayejaza bwawa kwa maboza, lita 45,000 si gharama ya kuchezea. Isitoshe, katika maeneo ya pwani ambako maji ya ardhini yako karibu, bwawa tupu linaweza kusukumwa juu na maji yaliyo chini yake na kupasuka.

Ushauri wa pili unaotolewa kwa nia ya kubana matumizi ni kutumia mrututu wa kuua utando wa kijani na shabu ya kuyafanya maji yawe maangavu. Naupinga kwa nguvu zote mahali ambapo watoto wanaogelea. Shabu hukusanya uchafu na kuushusha sakafuni, na mrututu huzuia mimea midogo ya kijani kukua, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachoua vijidudu vya magonjwa kwa kasi na uhakika wa klorini, kwa hiyo unaweza kupata maji maangavu yanayomwambukiza mtoto maradhi ya kuhara. Zaidi ya hayo, shaba iliyomo kwenye mrututu hubaki majini, na pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) inapopanda au klorini nyingi inapotiwa huganda kuwa madoa meusi kwenye vigae na plasta.

Kabla ya kununua klorini yoyote, nunua kipimo kizuri. Vipimo vya bei ya chini vinavyogeuza maji kuwa ya njano huonyesha klorini yote kwa jumla, ikiwamo ile iliyokwisha kujifunga na jasho na mkojo na ambayo haina tena nguvu ya maana; kipimo cha DPD, kinachogeuza maji kuwa ya waridi, hutenganisha klorini huru na hiyo iliyochoka. Kipimo kingine ambacho mwenye bwawa la chumvi hapaswi kukikosa ni cha asidi ya sayanuriki, inayoitwa stabilaiza madukani, ambayo huikinga klorini dhidi ya jua. Bila stabilaiza, jua kali la mchana huweza kuondoa nusu ya klorini kwa muda usiofika saa moja. Ikizidi, nayo huifanya klorini iwe nzito kufanya kazi. Mabwawa ya chumvi huwekewa stabilaiza nyingi kuliko mengine, na letu lilikuwa na takribani miligramu 70 kwa lita. Taasisi ya afya ya umma ya Marekani, CDC, inapendekeza pH kati ya 7.0 na 7.8 na klorini huru isiyopungua miligramu 2 kwa lita pale stabilaiza inapotumika. Wataalamu wengi wa mabwawa ya nyumbani huilenga klorini iwe karibu asilimia 7.5 ya stabilaiza, na kwa hiyo sisi tunashikilia miligramu 5 hivi.

Kiasi hicho cha stabilaiza ndicho kilichoamua hatima ya vidonge. Kwa urahisi wa matumizi havina mpinzani: unaviweka kwenye kielea chake, vinayeyuka polepole kwa siku kadhaa, na kila gramu hubeba asilimia 90 ya klorini, kiwango kinachozishinda aina nyingine zote. Tatizo ni kwamba kidonge cha aina hiyo kimetengenezwa kwa stabilaiza yenyewe, hivyo kila miligramu 10 za klorini unazoongeza kwa lita huacha miligramu 6 za stabilaiza ambazo haziondoki kwa jua wala kwa chujio. Bwawa linalopoteza miligramu 2 za klorini kwa siku litajiongezea miligramu 36 za stabilaiza kwa mwezi mmoja. Anayeanza na 70 atavuka 100 kabla ya mwezi kwisha, na njia ya kawaida ya kuishusha ni kumwaga sehemu ya maji, yaani ile gharama aliyodhani ameikwepa. Vidonge pia ni vikali kwa asidi, na vikiachwa kwenye kikapu cha kukusanyia majani wakati pampu imezimwa, maji yanayotuama humo hula chuma na mipira ya pampu. Kwa bwawa jipya lisilo na stabilaiza ningevipa alama nzuri kwa wiki za mwanzo, lakini kwa bwawa linalotoka kwenye chumvi, navihesabu kuwa akiba ya siku ambazo familia imesafiri.

Klorini ya chenga, ile ambayo wengi huiita HTH hata inapotoka kwa mtengenezaji mwingine, ina asilimia 65 hadi 70 ya klorini na haina stabilaiza. Bwawa letu huhitaji gramu 140 hivi kwa siku ya kawaida, na chenga hutunza nguvu zake kwa muda mrefu zikikaa mahali pakavu na penye ubaridi. Kwa kuokoa maji yaliyogeuka kijani sijaona kitu bora zaidi kwa bei yake: gramu 700 zinatosha kupandisha klorini ya lita 45,000 kwa miligramu 10 kwa lita, ingawa maji huwa na ukungu kwa saa chache baadaye. Kasoro yake ni chokaa. Kila miligramu 10 za klorini ya chenga huongeza takribani miligramu 7 za ugumu wa maji, na kwa matumizi ya kila siku hiyo ni zaidi ya 40 kwa mwezi. Anayejaza bwawa kwa maji laini anaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu, lakini maji ya visima vingi vya ukanda wetu wa pwani ni magumu tangu yanapotoka ardhini, na ugumu unapozidi miligramu 400 kwa lita magamba meupe huanza kushika kwenye vigae na mchanga wa chujio hugandamana. Ndiyo sababu tunazitumia chenga zaidi wakati wa masika, mvua inapolifurisha bwawa na kuondoka na sehemu ya chokaa pamoja na stabilaiza.

Klorini ya maji, inayouzwa kwa madumu ya lita 20 na yenye nguvu ya asilimia 10 hivi, ndiyo niliyoitarajia kidogo na ndiyo inayoshinda. Haiongezi stabilaiza wala chokaa. Kinachobaki majini ni chumvi kidogo, na bwawa letu lilishaizoea chumvi. Mililita 900 jioni, zikimiminwa taratibu mbele ya tundu linalorudisha maji huku pampu ikifanya kazi, hufidia kile kilichopotea mchana. Udhaifu wake ni kwamba joto na mwanga huipunguza nguvu haraka, na dumu lililokaa juani dukani linaweza kuwa limepoteza sehemu kubwa ya kile unacholipia. Namna ya kulijaribu ni rahisi: pima klorini baada ya jua kuzama, tia mililita 900, acha pampu izunguke kwa saa moja, kisha pima tena. Kama klorini haikupanda kwa karibu miligramu 2, dumu hilo limechoka, na ni haki yako kulirudisha.

Bei hubadilika kutoka duka hadi duka, kwa hiyo linganisha kwa uzito wa klorini halisi badala ya ukubwa wa chombo. Dumu la lita 20 lenye asilimia 10 lina kilo 2 za klorini. Ndoo ya kilo 5 ya chenga ina kilo 3.25 au zaidi kidogo. Chupa ya lita 5 ya dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye asilimia 3.5 ina gramu 175 tu. Gawanya bei kwa uzito huo, na utaona kwa nini dawa ya kufulia, ambayo kikemia ni kitu kilekile, inafaa kwa dharura ya usiku mmoja na si kwa bajeti ya mwaka. Katika hesabu hiyohiyo ingiza umeme, kwa kuwa mashine ya chumvi hutengeneza klorini pale tu pampu inapozunguka, wakati klorini ya kumimina inahitaji pampu kwa kuchanganya na kuchuja tu. Tumeipunguza pampu kwa saa kadhaa kila siku, na unafuu wake unaonekana kwenye LUKU.

Upo upungufu mmoja wa soko ambao siwezi kuunyamazia. Baadhi ya maduka hupima klorini na kuifunga upya kwenye mifuko isiyo na lebo, na muuzaji hawezi kukuambia kama ni chenga za chokaa au ni vidonge vilivyosagwa. Usinunue mfuko wa namna hiyo hata kwa nusu ya bei. Aina hizo mbili zikikutana zikiwa kavu, au zikiwa na unyevu kidogo tu, zinaweza kuwaka au kulipuka, kwa hiyo kielea cha vidonge kisitiwe chenga kamwe, na kila aina iwe na kijiko chake. Chenga hutiwa kwenye ndoo iliyokwisha kujazwa maji, wala maji hayamiminwi juu ya chenga, na asidi ya kushusha pH ihifadhiwe chumba kingine kabisa, kwa kuwa ikigusana na klorini hutoa gesi ya sumu.

Kwa bwawa linalotoka kwenye chumvi, hasa la pwani linalojazwa kwa kisima, pendekezo langu ni klorini ya maji kwa kila siku, chenga kwa masika na kwa maji yaliyoharibika, na vidonge vichache kabatini kwa ajili ya safari. Nunua madumu ya wiki mbili tu kwa wakati mmoja, na uyaweke kivulini mahali ambapo watoto hawafiki.