Kisanduku cha kugawa ishara za dijitali: uzoefu wangu studioni Kampala

Ninazungumzia kile kisanduku kidogo cha S/PDIF (njia ya kupitisha sauti ya dijitali kati ya vifaa) chenye tundu moja la RCA la kuingizia, manne ya kutolea, na adapta ya volti 5. Katika maduka ya elektroniki ya katikati ya Kampala utakikuta kwa majina mengi ya kiwandani. Mimi nakitumia kupeleka sauti ya saundi kadi kwa wakati mmoja kwenye spika za kusikilizia, rekoda ya akiba na amplifaya ya hedifoni. Kwa kazi hiyo nakipa alama za juu. Wengine hukinunua ili wakigeuze, waingize ishara mbili na kutoa moja. Hapo hakifai kabisa, wala kosa si lake.

Kwanza, kwa nini usinunue waya wa Y, unaogawa ncha moja kuwa mbili, kwa bei ya chini? Kwa sababu S/PDIF inataka ukinzani (impedansi) wa omu 75 kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukichomeka vipokezi viwili, chanzo kinaona omu 37.5, na zile volti 0.5 zinazopaswa kufika zinashuka hadi karibu 0.33. Kipokezi kizuri husoma hata volti 0.2, ndiyo maana Y hufanya kazi mezani kwa waya wa nusu mita na kumpa fundi imani ya bure. Ubaya zaidi uko kwenye maungio: sehemu ya ishara inagonga pale na kurudi nyuma, ikichafua mapigo yanayofuata. Kwa 48 kHz zinapita biti milioni 3.072 kila sekunde, hivyo kipokezi hakina nafasi ya kubahatisha. Ongeza urefu wa waya, na sauti inaanza kukatika na kukwaruza. Kisanduku chenye umeme hupokea ishara mara moja, kisha kila tundu la kutolea lina kisukumio chake (saketi inayosukuma ishara) chenye omu 75.

Nilikipima hivi. Nilicheza faili ya biti 24 kwa 48 kHz, nikairekodi kutoka kila tundu, nikailinganisha na ya asili sampuli kwa sampuli, nikageuza polariti ya moja (chanya ikawa hasi) na kuzijumlisha ili zifutane kama ni sawa. Mita haikusogea hata kidogo, maana yake hakuna biti iliyobadilika. Ukifanya jaribio hili, volyumu ya programu na ya mfumo wa kompyuta iwe 0 dB, yaani bila kupunguza, na rekoda iwekwe ifuate saa ya nje (mapigo yanayopanga muda wa kila sampuli, yanayokuja na ishara), la sivyo utakilaumu kisanduku bure. Kwa 96 kHz matokeo yalikuwa yaleyale. Kwa 192 kHz rekoda ilipoteza ishara mara waya ulipokuwa mrefu.

Waya ndio huharibu kazi nzuri. Zile nyekundu na nyeupe za sauti ziache. Ile ya njano ya video, inayouzwa kila mahali kwa ajili ya dekoda na vibanda vya video, imekusudiwa omu 75 na mara nyingi inatosha kwa mita 2 au 3. Kwa umbali zaidi natengeneza mwenyewe kwa RG-59 au RG-6, ileile ya antena ya televisheni, na plagi za RCA za kubana. Soma maandishi ubavuni kabla ya kulipa: RG-58 inafanana nayo, lakini ni omu 50.

Umeme nao una mambo yake. Stima ikikatika na jenereta ikashika, kisanduku kinazima na kuwaka, vipokezi vinapoteza saa, na spika zinaweza kupiga mshindo mkali. Kiweke kwenye UPS moja na kompyuta. Pawabenki sikushauri, kwani nyingi hujizima zinapoona mzigo mdogo. Tena koaksia, yaani waya huu wa RCA, inaunganisha ardhi za vifaa, kwa hiyo jengo lenye ardhi mbovu litakuletea mvumo wa 50 Hz upande wa analogi. Hapo tumia TOSLINK, kebo ya mwanga ya S/PDIF, kwa kuwa mwanga haupitishi umeme. Ila usizidishe mita 5 na usiikunje kwa kona kali.

Sasa kuunganisha. Kila ishara ya S/PDIF imebeba chaneli mbili pamoja na saa yake. Ukifunga matundu mawili ya kutolea kwenye waya mmoja, visukumio vinapigana na kipokezi hakisomi chochote. Kisanduku chenye swichi, matatu kuingia na moja kutoka, huchagua tu, hakichanganyi. Hata mikisa ya dijitali itatoa tik-tik kama vyanzo havifuati saa moja: vifaa viwili vya 48 kHz vikitofautiana sehemu 20 tu kwa milioni, vinapishana kwa karibu sampuli moja kila sekunde.

Kwa kuunganisha vyanzo vingi natumia ADAT, kebo moja ya mwanga inayobeba chaneli 8 kwa 48 kHz, au 4 kwa 96 kHz kwa vifaa vinavyokubali. Behringer ADA8200, kifaa kinachogeuza sauti ya maikrofoni kuwa ADAT, ina viingilio 8 vya maikrofoni, lakini ni 44.1 na 48 kHz tu, na ina tundu la saa la kuingizia bila la kutolea. Saundi kadi iwe bwana wa saa, na ADA8200 iifuate kwa waya wa BNC (plagi ya kuzungusha na kufunga) wa omu 75. Waya huu wa saa ndio pekee unaoruhusiwa kupita kwenye kiungo cha T, kifaa hadi kifaa, mradi kifaa cha mwisho kiwe na kizuizi cha omu 75. Chanzo kisichokubali kufuata saa ya mwingine, kama dekoda, kipitishe kwanza kwenye kibadilishi cha kiwango cha sampuli, na kwenye menyu ya chanzo hicho uchague PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa). Dolby, ambayo ni sauti iliyobanwa, ikipita hapo utasikia kelele tupu au kimya.