Kabureta au EFI: gari la spoti la zamani lipi litakula mafuta kidogo huku Mtwara?

Pesa za korosho zikianza kuingia, vijana wa Newala, Tandahimba na hapa mjini huniletea swali lilelile. Nimeona gari la spoti la zamani, milango miwili, bei imepoa, ila ni la kabureta. Nichukue au nisubiri la EFI? Karibu kila mmoja anamalizia hivi: maana petroli, kaka, ndiyo inayotumaliza.

Kwa ulaji wa mafuta, chukua EFI, yaani mfumo unaopiga petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Lakini si kila EFI, na kuna moja ambayo ni mbaya kuliko kabureta yoyote. Nitaifikia.

Kabureta haipimi kitu. Hewa ikipita kwenye koo lake jembamba, presha inashuka na petroli inafyonzwa kupitia jeti, yaani tundu dogo lenye kipimo. Ili petroli iungue yote, kila gramu 1 inahitaji gramu 14.7 za hewa. Kabureta iliyosetiwa vizuri huukaribia uwiano huo kwenye mwendo fulani. Ukikanyaga ghafla, ukipanda mlima au injini ikiwa ya baridi, inautoka. Tena kabureta moja ikilisha silinda nne, mgao hauwi sawa. Fundi hulazimika kuongeza petroli ili silinda inayopata kidogo isikose, na zile nyingine zinazidishiwa bure. EFI hupima hewa na joto la injini, kisha kila nozeli inafunguliwa kwa muda unaotakiwa tu.

Tofauti yenyewe utaiona vizuri kwenye mteremko wa Newala kushukia Masasi. Ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye eksileta, EFI hukata petroli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kabureta nyingi za kawaida huendelea kunyonya kupitia njia ya sailensa, ile inayolisha injini ukiwa hujakanyaga eksileta, hadi chini. Ndiyo maana inaniuma kuona dereva wa EFI anaweka nyutro kwenye mteremko ule akidhani anaokoa mafuta. Akiweka nyutro kompyuta inarudisha petroli ili injini isizime, na breki zinabaki peke yake kulibeba gari. Anapoteza mafuta na anahatarisha roho za watu.

Sasa mpangilio wangu.

La kwanza ni Toyota yenye injini ya 4A-GE: AE86 ya 1983 hadi 1987, au MR2 ya kwanza, AW11, ya 1984 hadi 1989. Ni lita 1.6, valvu 16, gari jepesi. Hiyo E ya mwisho ndiyo inayokuambia kwamba petroli inapigwa na EFI. Ukoo huu wa injini za A ulifungwa kwenye Corolla na Carina nyingi, kwa hiyo fundi wa kawaida anauelewa, na baadhi ya spea utazipata bila kuagiza mbali. Ila fungua boneti usome namba ya injini. AE85 ina bodi ileile, lakini injini yake ni 3A-U ya kabureta, na wapo wauzaji wanaoivalisha taa na bampa za AE86.

AE85 hiyohiyo, ikiuzwa kwa jina lake na bei yake, naiweka ya pili. Kabureta moja iliyo nzima ni kitu cha kuheshimiwa. Kwa makadirio yangu, gari likila lita 10 kwa kabureta, lenye injini ya ukubwa huohuo na EFI nzima litakula 9 au pungufu kidogo. Piga hesabu yako. Ukitembea kilomita 800 kwa mwezi kwa kilomita 10 kwa lita, unatumia lita 80. EFI inakuokolea kama lita 8. Zizidishe kwa bei ya Mtwara ambayo EWURA, mamlaka ya nishati, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, kisha linganisha na bei anayoongeza mwenye EFI. Kwa anayeendesha Jumapili tu, pesa hiyo inaweza isirudi miaka mingi.

Ya tatu ni sindano za kimakanika, yaani mifumo inayopiga petroli kwa nozeli lakini isiyo na kompyuta, kama K-Jetronic ya Golf GTI ya 1976 au Lucas ya Triumph TR6. Hizi sikushauri kwa huku, hata kama gari lenyewe linapendeza. Anayezijua ni wa kutafuta, na zikitoka kwenye seti zinakula kuliko kabureta.

Nne, kabureta pacha: Celica yenye 2T-G, au Datsun 240Z. Raha ya kuendesha ipo, sibishi, lakini kabureta mbili zisizosawazishwa zinavutana, na kuzisawazisha kunahitaji kipimo cha hewa na subira. Fundi akikuambia anasawazisha kwa kusikiliza kwa sikio tu, muombe akuonyeshe rangi ya plagi zote kabla hujalipa.

Ya mwisho, na hii nakusihi uiache, ni EFI iliyogeuzwa kuwa kabureta. Pampu imekufa, badala ya kununua nyingine fundi anang'oa nozeli na kufunga kabureta ya gari jingine, yenye jeti zisizolingana na injini ile. Mara nyingi na mpangilio wa moto wa plagi unaharibika, maana kompyuta iliyokuwa ikiuongoza imetolewa. Mimi nilifanyiwa hivyo kwenye Corolla yangu wakati nikiwa safarini. Nilirudi nikakuta gari linawaka vizuri, nikashukuru. Wiki ya pili harufu ya petroli ilikuwa imejaa ndani na tenki halimalizi safari ya Masasi kwenda na kurudi. Kuirudisha EFI kulinigharimu zaidi ya pampu tatu.

EFI nayo ina adui hapa pwani: chumvi. Gari lililolala Shangani au Mikindani miaka kadhaa, soketi zake hushika kutu ya kijani. Kutu hiyo kwenye waya wa sensa ya joto inaongeza ukinzani, kompyuta inasoma kwamba injini ni ya baridi, na inaendelea kumwaga petroli nyingi mchana kutwa. Mtu anaambiwa injini imechoka, kumbe ni soketi ya kusafishwa kwa brashi. Chomoa mbili tatu uziangalie kabla ya kujadili bei. Petroli ya chupa za njiani pia iepuke: kabureta utaisafisha chini ya mwembe, lakini uchafu huo kwenye EFI unafika kwenye pampu na nozeli.

Ukiwasha ufunguo, taa ya injini iwake, na injini ikishaanguruma izime. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa makusudi. Toyota za miaka ile hazihitaji mashine ya kusomea: waya mfupi kwenye matundu mawili ya soketi ya uchunguzi, na taa inapepesa namba ya hitilafu.

Halafu pima mwenyewe. Jaza tenki Mtwara hadi bomba likate, andika kilomita, nenda Lindi kupitia Mingoyo, rudi, jaza kwenye pampu ileile. Ni kilomita mia mbili na kidogo kwenda na kurudi. Zikiwa 210 na umejaza lita 18, hilo linatembea karibu kilomita 11.7 kwa lita. Petroli ya safari lipa wewe, ni haki. Muuzaji akikataa safari hiyo hata baada ya wewe kulipia mafuta, mrudishie ufunguo wake.